Unyamwezi Chini ya Wabelgiji, 1916–1917

Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia Tabora. Wadachi walikuwa wamekwisha kuuacha mji, nao haukupigwa. Jenerali Charles Tombeur, aliyeongoza vita hivyo, alipewa baadaye na mfalme wake ubaroni wenye jina la Tabora. Hivyo mji wa Unyamwezi ukaingia katika nasaba ya Ulaya, jambo ambalo wenyeji wake hawakuulizwa.

Mwafrika mmoja aliyekuwako alituachia maandishi. Huyo ni Martin Kayamba, mzaliwa wa Mbweni, Unguja, mwaka 1891. Wadachi walimdhania kuwa upande wa Waingereza wakamfunga, na kifungo chake kikaishia Tabora kwa kuingia Wabelgiji. Habari za maisha yake zilichapwa London mwaka 1936, katika kitabu kilichokusanywa na Margery Perham. Kwake siku ile ilikuwa siku ya kufunguliwa, wala hapana mtu wa kumlaumu kwa furaha yake. Lakini Kayamba alikuwa mgeni katika nchi ile. Mkulima wa Unyamwezi hakuandika, na kwa hiyo yatupasa kumtafuta kwa njia nyingine, yaani kwa kuhesabu miezi ya kilimo chake.

Safu ya Molitor ilishuka kutoka kaskazini, ikapigana na Wadachi huko Itaga katikati ya Septemba. Ni upande huo huo wa kaskazini ambako leo iko Isikizya, makao makuu ya wilaya ya Uyui. Sasa Septemba ni mwezi gani huko? Ni kiangazi kikavu. Mavuno yamekwisha kuwekwa zamani. Mtama na uwele vimo katika vihenge, michembe imeanikwa ikahifadhiwa, na vyote hivyo sharti vitoshe mpaka mavuno ya mwaka wa pili. Mbegu nazo zimo humo. Maelfu ya askari na wapagazi wakafika wakati huo, na jeshi lililoondoka lilikuwa limekwisha kula kabla yao.

Tena Wadachi waliacha fedha za ajabu. Katika karakana ya reli pale Tabora walipiga sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo, ambazo leo watu wa mnada huzigombea. Noti zao za karatasi za wakati wa vita hazikuwa na thamani tena walipoondoka. Aliyeuza nafaka kwa karatasi hizo alikuwa ameitoa bure.

Jambo lililoumiza zaidi, kwa maoni yangu, ni upagazi. Mnyamwezi hakufundishwa kubeba mzigo na Mzungu. Kwa miaka mingi vijana walikuwa wakienda pwani kwa hiari baada ya mavuno, wakapatana ujira, wakarudi na nguo na sifa ya kiume, mara nyingi kabla ya kulima. Vita vilichukua mabega yale yale, lakini havikujali mvua wala mapatano. Njia iliyokuwa fahari ya kijana ikawa jambo la kukimbiwa porini.

Wabelgiji waliwakabidhi Waingereza mji wa Tabora mwezi wa Februari 1917. Kwa mkulima Februari ni mwezi wa mvua: mtama bado mbichi shambani, na kihenge cha mwaka jana ki karibu kwisha. Mwaka ule ule Wabelgiji walirudi vitani kusini, wakaitwaa Mahenge mwezi wa Oktoba, na mizigo yao ilihitaji watu wa kuibeba.