Dawa ya Maji na Majira Yake

Jersey City ndio mji wa kwanza wa Marekani kutia klorini daima katika maji ya wananchi. Daktari John L. Leal aliianza kazi hiyo tarehe 26 Septemba 1908, bila kuuomba mji ruhusa. Shauri likafika mahakamani, na mahakama ikaikubali dawa.

Washington nayo, ambayo hunywa maji ya mto Potomac, iliitumia klorini kwa miaka mingi. Lakini klorini ikikutana na uozo wa majani yaliyomo mtoni huzaa kemikali zenye madhara. Kwa hiyo mwezi Novemba 2000 ikaanza kuchanganywa na amonia, ikawa kloramini, dawa ya upole zaidi lakini yenye kudumu bombani. Hata hivyo, kila majira ya kuchipua amonia huondolewa kwa majuma kadhaa, ili klorini tupu iusafishe utando wa vijidudu uliojijenga ndani ya mabomba. Watu hunung'unikia harufu.

Laiti ingekuwa harufu tu! Mabomba mengi ya kuingilia nyumbani yalikuwa ya madini ya risasi, nayo klorini ilikuwa imeyajengea, pasipo mtu kukusudia, gamba gumu la kuyafunika. Kloramini ikalilegeza gamba lile. Sumu ikaingia katika maji waliyonyweshwa watoto wachanga, na wananchi wengi hawakuelezwa waziwazi mpaka gazeti lilipolifichua jambo hilo mwaka 2004. Mwaka huohuo fosfati ikaanza kutiwa ili kujenga gamba jipya. Nayo hutiwa mwaka mzima, hata katika majuma yale ya klorini tupu.