Kunguru Huyu ni Yupi? Jinsi ya Kuwatambua Ndege wa Mtaani Kwako

Ndege mweusi akitua kwenye bati, wengi tunasema "kunguru" basi, habari imeishia hapo. Kumbe Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa kuna kunguru wa aina mbili, na mmoja hahusiki kabisa na lawama anazotupiwa. Usipowajua, unaweza kumpiga mawe asiye na kosa.

Angalia mambo haya manne

1. Ukubwa: Mlinganishe na ndege unaowajua tayari. Ni kama shomoro, njiwa au kuku?

2. Mdomo: Mfupi na mnene ni wa kula mbegu. Mrefu, mwembamba na uliopinda ni wa kufyonza maua. Wenye ncha kama ndoana ni wa kurarua nyama.

3. Alama: Rangi peke yake inadanganya, maana kwa ndege wengi jike na makinda hawafanani na dume. Angalia kifua, shingo na umbo la mkia.

4. Tabia: Anatembea au anarukaruka? Yuko peke yake au kundini? Anakula nini?

Kunguru wawili

Mwenye mwili mweusi na shingo ya kijivu mpaka kifuani ni kunguru wa Kihindi. Asili yake ni Asia ya Kusini, na aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili asaidie kusafisha takataka. Leo ndiye kero kubwa pwani: anakula mayai na makinda ya ndege wengine, na vifaranga vya kuku pia. Mwaka 2024 Shirika la Wanyamapori Kenya (KWS) lilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru hao milioni moja.

Mwenye kifua cheupe pe na ukosi mweupe shingoni ni kunguru wa kienyeji. Ni mkubwa kidogo kuliko yule mgeni. Huyu ni wa Afrika hapa hapa, muache.

Mwewe au siye?

Kila ndege mla nyama akipita angani tunamwita mwewe. Mwewe halisi ni wa kahawia, na mkia wake una panda mwishoni. Akipaa utaona anauzungusha mkia huo kama usukani. Akiutanua, panda inaweza isionekane, kwa hiyo msubiri ageuke. Kama panda haionekani kabisa, huenda ni ndege mwingine, na wengi wa jamii hiyo hula panya, mijusi na panzi. Usimhukumu kwa vifaranga ambavyo hakuchukua.

Bundi

Bundi mwenye uso mweupe wenye umbo la moyo hupenda kukaa darini na kwenye magofu. Watu wengi humuua wakiamini analeta kifo. Ukweli ni kwamba chakula chake kikubwa ni panya. Chunguza chini ya mahali anapolala: utakuta vidonge vya manyoya na mifupa midogo alivyotapika. Huo ndio ushahidi wa kazi yake ya usiku.

Wengine utakaowaona kirahisi

- Yangeyange: mweupe, anafuatana na ng'ombe akidaka wadudu.
- Shorewanda: kahawia, kichwa cheusi, manjano chini ya mkia.
- Chozi: mdogo sana, mdomo umepinda, hakosi kwenye maua.
- Mbayuwayu wa Ulaya: koo jekundu-kahawia, mkia wenye nyuzi mbili ndefu. Anakuja kukimbia baridi, kuanzia Septemba hivi mpaka Aprili.

Tumia simu yako

Programu ya Merlin Bird ID, ya Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani, ni ya bure. Pakua kifurushi cha ndege wa eneo lako ukiwa na Wi-Fi, ili baadaye usihangaike na bando. Piga picha inayoonyesha mdomo, kifua na mkia. Ikikupa majina kadhaa, usichukue la kwanza tu, linganisha na ulichokiona kwa macho.

Ila usisogelee kiota kwa ajili ya picha. Ndege akishtuka sana anaweza kuyasusa mayai yake.

Anza kesho asubuhi, dakika 10 tu, ndege wakiwa wamechangamka. Na kabla hujaokota jiwe, mwangalie kwanza kifuani.