Bwawa la Nairobi: Maji ya burudani yaliyomezwa na magugu

KIBERA na Kawangware ni mitaa inayotajwa zaidi kwa msongamano wa nyumba kuliko kwa mandhari yake. Hata hivyo, majina yenyewe yana asili nyingine. Kibera latokana na neno "kibra" la Kinubi, maana yake msitu, nalo lilitolewa na askari wa asili ya Sudan waliopewa makao hapo mwanzoni mwa karne ya 20. Kawangware, iliyoko kilomita chache kaskazini-magharibi, huhusishwa na neno la Kikuyu "ngware", yaani kwale.

Katika eneo hili, mapumziko ambayo wengi huyafuata visiwani na ziwani, yaani kupiga makasia, kutazama ndege na wanyama, na kufanya kazi za mikono, yalikuwa karibu sana na makazi. Kitovu chake kilikuwa Bwawa la Nairobi.

Kuanzishwa kwa bwawa

Bwawa hilo lilijengwa mwaka wa 1953 kwa kuuzuia Mto Motoine, kando ya Barabara ya Lang'ata. Lilikusudiwa kuwa hazina ya maji ya kunywa wakati wa dharura, na lilienea takriban hekta 36. Kibera imepakana nalo upande wa kaskazini, na mitaa ya Lang'ata upande wa kusini.

Kwa miongo kadhaa bwawa lilikuwa mahali pa starehe. Klabu ya mashua ilikuwa na makao yake ufuoni, tanga zilionekana majini siku za mapumziko, na familia zilikuja kuvua samaki na kula chakula chini ya miti.

Lililoziba bwawa

Mto Motoine huteremka kutoka upande wa Dagoretti, ukapita katika Msitu wa Ngong Road na kando ya uwanja wa mbio za farasi kabla ya kuingia Kibera. Kadiri watu walivyoongezeka bila kujengewa mabomba ya majitaka, vyoo vya kutosha wala mpango wa kuzoa taka, mto uligeuka kuwa mtaro. Kila mvua iliponyesha, udongo na takataka zilisukumwa hadi bwawani, kina kikapungua.

Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990, magugu-maji yalikuwa yameanza kulifunika. Mmea huo asili yake ni Amerika Kusini, na ndio uliolisumbua pia Ziwa Victoria katika muongo huo. Hustawi penye naitrojeni na fosforasi nyingi, virutubishi vinavyoletwa na kinyesi na maji ya sabuni. Katika hali nzuri huweza kuongezeka maradufu kwa muda wa wiki mbili hivi.

Magugu hayo hufanya visiwa vinavyoelea. Huzuia mwanga kupenya, na yanapooza hupunguza oksijeni ya samaki. Mashua haiwezi kupita. Kwa hiyo kuyang'oa bila kuzuia majitaka ni kazi bure, kwa kuwa chakula chake kingali kinaletwa na mto kila siku.

Wanyama na ndege

Utalii wa kutazama viumbe haujatoweka kabisa. Msitu wa Ngong Road, ulioko magharibi mwa Kibera, ulikuwa na zaidi ya hekta 2,900 ulipotangazwa rasmi mwaka wa 1932. Umebaki na takriban hekta 1,200 baada ya kumegwa mara kwa mara. Humo mngali na kima, pongo na ndege wa aina nyingi. Upande wa kusini, mwendo mfupi kutoka bwawani, iko Mbuga ya Wanyama ya Nairobi iliyofunguliwa mwaka wa 1946.

Bwawani kwenyewe, yangeyange hutembea juu ya magugu, nao kongoti hutafuta riziki kwenye takataka.

Kazi za mikono

Sanaa ndiyo iliyodumu zaidi. Mwaka wa 2001, wachoraji wa mabango Otieno Gomba na Otieno Kota walianzisha kundi la Maasai Mbili, ambalo karakana yake Kibera imekuwa shule ya wasanii wengi. Mafundi wengine hukusanya mifupa na pembe za ng'ombe kutoka machinjioni. Huichemsha kuondoa mafuta, wakaikata, wakaisugua na kuitia rangi, hatimaye ikawa mikufu, bangili na vipuli.

Hata magugu yamepata kazi. Shirika la Kounkuey Design Initiative, lililoanza mwaka wa 2006, lilishirikiana na wakazi wa Silanga, karibu na bwawa, kugeuza ukingo wa mto uliokuwa jaa kuwa uwanja wa umma. Miongoni mwa shughuli za kujipatia kipato zilizozaliwa hapo ni kusuka vikapu kwa magugu-maji yaliyokaushwa. Ufundi wa aina hiyo umeenea pia Kisumu, wanakotengeneza kamba, karatasi na viti.

Hatima ya maji hayo

Maji yanayotoka bwawani huitwa Mto Ngong, nao hupita eneo la viwanda na Mukuru. Kawangware iko kwenye bonde la Mto Nairobi, ambao chanzo chake ni kinamasi cha Ondiri, Kikuyu. Mito hiyo miwili hukutana mashariki mwa jiji na kuingia Mto Athi, ambao mbele huitwa Galana, kisha Sabaki, na kumwaga maji yake Bahari ya Hindi kaskazini mwa Malindi. Hivyo taka zinazotupwa mitaani zinaweza kufika karibu na fuo zile ambako wenye uwezo huenda likizo.

Hatua kadhaa zimechukuliwa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017, na Tume ya Mito ya Nairobi iliundwa mwishoni mwa 2022. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliyawasha moto upya mabishano kuhusu nyumba zilizo kando ya mito, kwani anayeondolewa bila kupewa makao mengine hurudi palepale.

Mpangilio wa kazi unafahamika: mabomba ya majitaka na vyoo kwanza, uzoaji wa taka pili, kisha kuchimbua tope na kung'oa magugu. Mkazi wa Kibera au Kawangware hana nauli ya kupeleka watoto Lamu au Rusinga kila likizo. Kwake, kufufuliwa kwa bwawa hakutakuwa anasa. Kutamrudishia ziwa la pekee analoweza kulifikia kwa miguu.