Kelly Morgan: dhahabu ya badminton iliyokuwa ya Wales

Katika kipindi chetu cha michezo tulimtaja Kelly Morgan kuwa ni "Mwingereza aliyewahi kutwaa dhahabu ya badminton". Wimbo uliofuata ulikuwa haujaisha tulipopata ujumbe wa msikilizaji: Morgan anatoka Wales, na dhahabu ile iliandikwa kwa jina la Wales. Msikilizaji alikuwa sahihi. Tunaandika makala haya kurekebisha kosa hilo, na pia kueleza kwa nini ni rahisi sana kulifanya.

Sehemu ya tatizo ni lugha yetu. Neno Uingereza tunalitumia kwa nchi ya England, na papo hapo tunalitumia kwa ufalme mzima wenye England, Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini. Kwenye taarifa ya habari za siasa msikilizaji anaelewa tu. Kwenye michezo, neno hilohilo linaweza kumpokonya mtu medali yake na kumpa jirani. Kwa Morgan ndivyo ilivyokuwa, maana mpinzani aliyemshinda katika fainali, Julia Mann, alikuwa anaichezea England. Ukisema "Mwingereza alishinda", umemtaja aliyeshindwa.

Ushindi wa Kuala Lumpur

Morgan alizaliwa mwaka 1975 na alijulikana kama mchezaji wa mmoja kwa mmoja, yaani anasimama peke yake uwanjani bila mwenza. Jina lake lilipanda Septemba 1998, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Kuala Lumpur, Malaysia. Ilikuwa mara ya kwanza michezo hiyo kufanyika Asia. Kwetu Afrika Mashariki mashindano yale tunayakumbuka kwa riadha zaidi: Wakenya Japheth Kimutai na Laban Rotich walitwaa dhahabu za mita 800 na 1,500. Wales nayo ilikuwa na mkimbiaji wake, Iwan Thomas, aliyeshinda mita 400. Morgan akaongeza ya badminton, dhahabu ya kwanza ya Wales katika mchezo huo kwenye Jumuiya ya Madola.

Mahali aliposhindia panaongeza uzito wa medali yenyewe. Malaysia ni nchi inayoishi badminton kama sisi tunavyoishi soka. Mwaka 1949, ikiitwa bado Malaya, ndiyo iliyotwaa Kombe la Thomas la kwanza kabisa, ambalo ni kombe la dunia la timu za wanaume. Mtazamaji wa pale hadanganywi na kishindo cha raketi, anajua pigo zuri na pigo la bahati. Halafu kuna joto. Kipira cha badminton, ambacho wengi wetu tunakiita kinyoya, kina manyoya 16 na uzito wa gramu tano hivi. Kitu chepesi namna hiyo kinategemea sana hewa. Hewa ya moto ni nyepesi, hivyo kinyoya kinakwenda kwa kasi na mbali zaidi kuliko katika baridi. Ndiyo maana vinyoya hutengenezwa kwa viwango tofauti vya kasi, na waandaaji huvijaribu ukumbini kabla ya mechi. Wachezaji wa Nairobi wanalijua jambo hili, ingawa kwao sababu ni mwinuko.

Ukitazama matokeo ya enzi hizo utaona namba ndogo, na vijana wanaofuatilia badminton ya leo hushangaa. Wakati wa Morgan, seti ya wanawake wa mmoja kwa mmoja iliishia pointi 11, na ya wanaume 15. Tena pointi alipata yule tu aliyeanzisha mpira. Kama mpinzani ndiye aliyeanzisha na wewe ukashinda pigo, hukupata pointi. Ulichopata ni zamu ya kuanzisha. Watu wawili wenye nguvu sawa waliweza kupokezana zamu dakika nzima, jasho linatoka, na ubao wa matokeo umelala palepale. Utaratibu wa sasa wa pointi 21, ambapo kila pigo lina pointi yake, ulianza mwaka 2006. Tunakubali kwamba wa sasa unafaa zaidi kwa televisheni. Ule wa zamani ulimlipa mvumilivu.

Bendera ipi, lini

Wales haikupewa timu yake ya badminton kwa hisani. Shirikisho la kimataifa la mchezo huu lilipoundwa mwaka 1934 lilikuwa na wanachama tisa: Canada, Denmark, England, Ufaransa, Ireland, Uholanzi, New Zealand, Scotland na Wales. Wenyewe ni miongoni mwa waasisi. Kwa hiyo kwenye mashindano ya dunia, ya Ulaya na ya Jumuiya ya Madola, Wales inacheza kama Wales.

Olimpiki ni habari nyingine. Kule England, Scotland na Wales huingia kwa timu moja ya Uingereza, chini ya bendera moja. Msikilizaji wa Tanzania hahitaji maelezo marefu hapa. Zanzibar Heroes wanacheza CECAFA kwa jina lao, na mwaka 1995 walilichukua kombe hilo, lakini kwenye kufuzu Kombe la Dunia mchezaji wa Unguja au Pemba anavaa jezi ya Taifa Stars.

Morgan alipita njia hiyo pia. Alicheza Olimpiki ya Sydney mwaka 2000 na ya Athens mwaka 2004 akiwa Mwingereza kwa maana pana ya neno, na hakupata medali. Athens alikuwa timu moja na Mwelshi mwenzake Richard Vaughan, ambaye mwaka 2002 alikuwa ameipatia Wales shaba ya wanaume huko Manchester. Alikuwa pamoja pia na Tracey Hallam wa England, bingwa wa Jumuiya ya Madola wa mwaka 2006. Watu hao wakikutana Ulaya ni wapinzani, wakikutana Olimpiki wanapeana maji. Na kwa kuwa Olimpiki huweka kikomo cha wachezaji kwa kila taifa, Mwelshi hulazimika kwanza kuwazidi Waingereza wenzake ili hata apate nafasi ya kusafiri. England ina wachezaji wengi zaidi kwa mbali, kwani Wales nzima ina watu milioni tatu hivi.

Ndiyo sababu Michezo ya Jumuiya ya Madola ina thamani ya pekee kwa wanabadminton wa Wales. Ni mahali wanapoingia kwenye mashindano makubwa ya michezo mingi kwa jina lao na bendera yao yenye joka jekundu, bila kuchujwa na jirani.

Badminton iliingia kwenye mashindano hayo mwaka 1966 kule Kingston, Jamaika, na haikuwahi kukosekana tangu hapo. Katika ratiba ya Glasgow 2026 haimo. Baada ya jimbo la Victoria, Australia, kujitoa kuandaa kwa sababu ya gharama, Glasgow ilikubali kubeba mashindano yaliyopunguzwa hadi michezo 10, na badminton ni miongoni mwa iliyoachwa nje pamoja na hoki, kriketi na skwoshi.