Sinema Fupi katika Maonyesho ya Vyungu

Wahenga walinena kwamba mfinyanzi hulia gaeni. Fundi huwaundia wenzake vyombo vizima, naye akabaki na kigae. Methali hiyo hutujia kila tuingiapo katika maonyesho ya vyungu. Mitungi imepangwa mezani, na kando yake pana kikaratasi chenye jina la kabila na la wilaya. Jina la aliyeifinyanga aghalabu halipo. Wala haionekani kazi yenyewe: kuchimba udongo, kuuponda, kuukanda, kupandisha kuta kwa mkono, kuanika na kuchoma. Ndiyo sababu twaona kwamba maonyesho ya vyungu yasiyo na sinema fupi za wafinyanzi ni nusu ya maonyesho.

Sinema fupi si ngeni kwetu. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, palikuwa na mradi wa Waingereza wa kutengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika. Zilitengenezwa filamu zipatazo 35, juu ya kilimo, afya, uwekaji wa akiba na mengineyo, zikaonyeshwa katika nchi kadhaa za Afrika ya Mashariki na ya Kati. Hatukatai kwamba baadhi ya mafunzo hayo yalikuwa na manufaa. Lakini katika mpango ule mwanakijiji alikuwa mwanafunzi daima. Sinema ya mfinyanzi hugeuza mpango huo: bibi aliyeinamia bonge la udongo ndiye mwalimu, nasi tulioketi vitini ndio wanafunzi.

Mfano mzuri watoka Marekani. Mwaka 1972, idara ya hifadhi za taifa ya nchi hiyo ilitoa filamu juu ya Maria Martinez, mfinyanzi wa San Ildefonso, kijiji cha wenyeji wa asili katika jimbo la New Mexico. Haichukui hata nusu saa. Huanza kwa kunyunyiza unga wa mahindi, kwa heshima, kabla udongo haujachukuliwa. Kisha huonyesha kuchanganya, kufinyanga, kupamba, na kujenga rundo la kuchomea. Atazamaye mtungi peke yake hudhani weusi wake umepakwa. Kumbe hutokana na moshi, moto ufunikwapo kwa samadi kavu. Maria alifariki mwaka 1980, lakini mikono yake ingali ikifundisha.

Afrika nayo ina walimu wa namna hiyo. Ladi Kwali wa Nigeria alijifunza ufinyanzi kijijini kwake kutoka kwa shangazi yake. Mwaka 1954 aliingia katika chuo cha ufinyanzi kilichoanzishwa na Mwingereza Michael Cardew huko Abuja, mji ambao leo huitwa Suleja. Mwaka 1972 alizuru Marekani, akafinyanga mbele ya hadhara. Alifariki mwaka 1984, na tangu mwaka 2007 sura yake imo katika noti ya naira 20. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, alisafiri hadi Abuja katika miaka ya 1970 akajifunza huko, na baadaye akafika San Ildefonso. Leo vyombo vyake vimo katika majumba makubwa ya makumbusho duniani. Elimu hiyo aliipata kwa kukaa karibu na mikono ya mafundi.

Wanafunzi wetu wengi hawawezi kusafiri hivyo. Wala hawahitaji kwenda mbali, maana wanawake wa Kikisi, katika mwambao wa Ziwa Nyasa, wamesifika tangu zamani kwa vyungu vyao viuzwavyo hata katika soko la Lyulilo, karibu na Matema. Lakini ndoo ya plastiki na sufuria ya bati zimepunguza wanunuzi wa vyungu, na binti asiyeona faida hawezi kulaumiwa akiiacha kazi ya mama yake.

Basi walimu na wanafunzi wazitengeneze sinema hizo, hata kwa simu ya mkononi. Ila tunaomba mambo matatu yazingatiwe. Mfinyanzi aulizwe kwanza kama aridhia, na jina lake litajwe mwanzoni. Aachwe aeleze kazi yake kwa lugha yake mwenyewe. Na sinema ikiisha, ionyeshwe kijijini kwake kabla ya kupelekwa mjini, ili wenzake waseme palipokosewa.