Habari za Shubiri: Mmea wa Nchi Kavu na Soko Lake



Katika mkutano mkuu uliopita baadhi yenu waliuliza kama Chama chetu kiweze kutoa fedha katika mfuko wa maendeleo ili mshubiri upandwe katika shamba la Chama. Halmashauri haikutoa jibu siku ile. Ilituagiza sisi wa ofisi tukusanye habari za mmea huo na biashara yake tangu zamani, tuziweke katika taarifa hii ya mwaka, ili kila mwanachama azisome kabla ya kuinua mkono. Tumeandika bila kuficha jambo, hata pale ambapo kosa lilikuwa letu wenyewe.

Mshubiri si mgeni katika nchi yetu. Wamaasai huuita osuguroi, Wakikuyu thukuroi, Wakamba kiluma, Wakalenjin tangaratwet, Waturkana echuchuka, na Wajaluo ogaka. Wazee wetu waliutumia kwa majeraha na kwa homa. Mizizi yake ilitiwa katika pombe ya asali. Na hata leo akina mama wafugao kuku hukatakata majani yake wakayatia katika maji ya kunywa kuku wakati kideri kinapotishia. Neno lenyewe shubiri lilitujia kutoka Kiarabu, na hakuna msemaji wa Kiswahili asiyejua maana ya kitu kuwa chungu kama shubiri.

Yafaa kwanza kufahamu kwamba jani moja la mshubiri lina bidhaa mbili. Chini ya ngozi yake mna utomvu wa manjano, mchungu sana, ambao ni dawa ya kuharisha. Ndani zaidi mna ute mweupe usio na rangi kali, ambao hutumiwa katika sabuni, mafuta ya ngozi na vinywaji. Mshubiri wetu wa mwituni uliotapakaa zaidi, uitwao na wataalamu Aloe secundiflora, hutafutwa hasa kwa utomvu wake. Ule unaosifiwa katika matangazo ya biashara, yaani Aloe vera, hulimwa hasa kwa ute. Mtu asiyetofautisha mimea hii miwili hawezi kujua anamlimia nani.

Biashara ya utomvu ni ya kale mno. Kitabu cha mabaharia wa Kigiriki kilichoandikwa katika karne ya kwanza baada ya Kristo, kiitwacho Periplus, chataja shubiri miongoni mwa bidhaa zilizosafirishwa kutoka pwani ya kusini ya Uarabuni. Kisiwa cha Sokotra kilipata sifa kwa shubiri yake katika masoko ya mbali kwa karne nyingi. Baadaye katika maduka ya dawa ya Ulaya ilijulikana shubiri ya Sokotra, shubiri ya Barbados, shubiri ya Rasi ya Tumaini Jema, na pia shubiri ya Zanzibar, ambayo ilifika ikiwa imefungwa katika ngozi za wanyama. Tazameni jambo moja katika majina hayo. Shubiri iliitwa kwa jina la kisiwa au bandari ambamo mfanyabiashara aliipakia. Jina la mtu aliyekata majani juani, akachomwa na miiba, akapata mikono ya manjano, halikuandikwa popote. Tangu hapo bei ilifanywa na aliyekaa karibu na chombo cha safari, wala si na aliyekaa karibu na mmea.

Ute nao ulikuja kupata sifa baadaye. Mwaka wa 1935 madaktari wawili wa Marekani walitoa habari ya mgonjwa ambaye ngozi yake iliharibiwa na miale ya eksirei, naye akatibiwa kwa jani bichi la Aloe vera. Kutoka hapo watu wakauchunguza ute huo zaidi, na katika nusu ya pili ya karne hiyo viwanda vya vipodozi vikautaka kwa wingi. Lakini ute karibu wote ni maji, nao huharibika upesi baada ya jani kukatwa. Basi faida iliwaangukia waliokuwa na mashamba makubwa yenye viwanda kando yake, kama wale wa Mexico na wa kusini mwa Marekani. Mkulima aliye mbali na kiwanda hubeba maji kwa gharama kubwa, akafika na uozo.

Tugeuke sasa tutazame nchi yetu ya Kenya. Katika Baringo, Laikipia, Samburu, Turkana na Pokot Magharibi watu wamekuwa wakikata mshubiri wa mwituni, hasa wakati wa ukame mifugo inapokufa. Majani huinamishwa juu ya chombo mpaka utomvu udondoke. Kisha hukusanywa na kuchemshwa katika pipa hata uwe mzito, na ukipoa huwa mgumu kama jiwe jeusi. Kazi hii yahitaji kuni nyingi, na mara nyingine wakataji wenye haraka walikata majani yote, au waking'oa mmea mzima. Mahali pengine vilima vilibaki vitupu.

Kwa sababu hiyo, mwaka wa 1986, Rais Daniel arap Moi alitoa amri ya kukataza uvunaji wa mshubiri wa mwituni, na kuruhusu ule uliopandwa mashambani tu. Nia ya amri hiyo ilikuwa njema, nasi hatuilaumu. Lakini mashamba yenyewe yalikuwa bado hayajapandwa, na njaa haikungoja. Ukataji ukaendelea kwa siri. Aliyepata hasara kuu ni mkataji. Kwa kuwa hakuwa na kibali, hakuweza kubishana na dalali, wala kumshitaki aliyempunja. Dalali alitaja bei, na mwenye njaa aliitika. Hivyo sheria iliyokusudiwa kuulinda mmea ikawa fimbo mkononi mwa mtu ambaye hakuupanda wala hakuukata.

Yafaa pia mjue kuwa mishubiri yote, isipokuwa Aloe vera, imo katika orodha ya mapatano ya mataifa yaitwayo CITES, yaliyoanza kutumika mwaka wa 1975, na hivyo haiwezi kupelekwa nchi za nje bila hati. Mwaka wa 2007 Serikali ilitoa kanuni maalum za mshubiri, na mambo ya leseni yakawekwa chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, yaani KWS. Wengi wetu hushangaa kusikia kwamba mmea una hesabu moja na ndovu na chui. Lakini ndivyo ilivyo, na mkulima asiyejua hilo hushtuka mzigo wake unapozuiliwa.

Katika miaka hiyo ya 2000 tumaini kubwa lilizuka Baringo. Kwa msaada wa Umoja wa Ulaya kiwanda kilijengwa Koriema, karibu na Marigat, ili utomvu ununuliwe kihalali na kutengenezwa huko huko. Watu walihimizwa kupanda, wakapanda. Kiwanda hicho hakikutimiza yaliyotarajiwa, kikakaa miaka mingi pasipo kufanya kazi iliyokusudiwa, na mashamba yakabaki na majani yasiyo na mnunuzi. Tena wakati uo huo soko la nje lilikuwa likibadilika: mwaka wa 2002 Serikali ya Marekani ilikuwa imekwisha kuiondoa shubiri katika dawa za kuharisha zinazouzwa pasipo cheti cha daktari.

Sasa twafika kwa jambo linalotuhusu sisi. Wengi wenu mwakumbuka mtu aliyekuja kwetu na miche ya Aloe vera, akaahidi kwamba atarudi kununua kila jani litakalokomaa. Ni sisi wa ofisi tulioandika barua ya kumkaribisha, na ni sisi tuliomwekea meza siku ya mkutano. Wanachama walinunua miche, wengine kwa fedha za karo za watoto. Miche ilishika vizuri, maana mmea haukuwa na hila. Mwenye hila alikuwa yule aliyeupata faida yake siku ile ile aliyouza miche, naye hakurudi tena. Hatukuwa tumedai mkataba. Hatukuwa tumeuliza kiwanda chake kiko wapi. Daftari la majina ya walionunua lingali katika kabati la ofisi, na kila tulifunguapo tunaona haya. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tulikuwa na daftari, lakini liliandika mauzo ya mwenzetu tu, halikuandika ahadi zake.

Hata hivyo si haki kumaliza habari hii kwa majuto. Huko Il Polei katika Laikipia, akina mama wa kikundi cha Twala walipanda Aloe secundiflora katika ardhi yao wenyewe, wakafuata njia ya vibali, na majani yao yakapata mnunuzi Uingereza, mtengenezaji wa vipodozi. Hawakutegemea mshubiri peke yake. Wana nyuki, ambao hupenda maua yake, na hupokea wageni wanaokuja kuona desturi zao. Tofauti kati yao na sisi haikuwa mvua wala udongo. Wao walijua jani litakwenda wapi.

Kutokana na hayo yote, twaweka maneno manne mbele yenu. Kwanza, tusitoe hata senti moja kabla ya kuwa na mkataba ulioandikwa na mnunuzi ambaye mahali pake pa kazi tumepaona kwa macho. Pili, tukipanda mshubiri wa asili, leseni itangulie jembe. Tatu, tuanze na kipande kidogo cha ardhi, penye mawe na mteremko pasipotuama maji, kwa maana mmea huu huoza mizizi katika tope. Nao utahitaji miaka miwili au mitatu kabla ya kukatwa, na wakati huo mtu hawezi kula matumaini. Nne, tukikata, tukate majani ya chini tu na kuyaacha ya juu, ili mmea uendelee kuishi na kilima kisimomonyoke.

Hatusemi kwamba mshubiri ni mali ya uongo. Mmea unaoweza kusimama kijani wakati mahindi yamekauka ni neema katika nchi kama yetu. Twasema tu kwamba kwa karne nyingi mwenye kukata jani amekuwa wa mwisho kujua bei yake, na kwamba Chama hakikuundwa ili kumwongezea mtu huyo hasara. Mzee mmoja miongoni mwa wale walionunua miche bado anaitunza mpakani mwa shamba lake. Tulipomwuliza kwa nini hakuing'oa, alijibu kuwa mmea haukumkosea kitu.

Kura itapigwa katika mkutano ujao. Tafadhalini njoni nyote, na mje na maswali.

Sisi wa ofisi ya Chama.