Kuvu dhidi ya kuvu: bayoteknolojia ya Ukambani isiyopigiwa kelele

Leo naweka kando mambo ya programu, twende Kitui na Makueni.

Hapa Kenya ukitaja bayoteknolojia, watu hukimbilia GMO tu. Serikali ilipiga marufuku vyakula hivyo mwaka 2012, ikaondoa marufuku 2022, kisha kesi zikafuata mahakamani. Kelele hizo zimefunika kisa kingine ambacho mimi nakiona kikubwa zaidi.

Mnamo Mei 2004, watu wa Makueni na Kitui walianza kufika hospitalini wakiwa na macho ya manjano. Maini yao yalikuwa yameharibika. Kufikia tarehe 20 Julai, wagonjwa walikuwa 317, wengi wao wa wilaya hizo mbili. Waliokufa ni 125!

Chanzo kilikuwa mahindi yao wenyewe. Yaliwekwa ghalani yakiwa na unyevu, yakaota kuvu aitwaye Aspergillus flavus, ambaye hutoa sumu ya aflatoksini. Kiwango kilichoruhusiwa kilikuwa sehemu 20 kwa bilioni. Kuna mahindi yaliyopimwa yakakutwa na 4,400, yaani mara 220. Tena sumu hii haiishi kwa kuchemsha. Hata muthokoi ukae motoni siku nzima, bado imo.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1981 huko Machakos (Makueni ilikuwa bado ndani ya wilaya hiyo) waliugua watu 20, wakafa 12.

Sasa tuje kwenye teknolojia yenyewe. Si kila Aspergillus flavus ana sumu. Huko Marekani, Peter Cotty wa idara ya kilimo alikuwa ameonyesha kwamba ukimtangulia kuvu mwenye sumu shambani kwa kumweka ndugu yake asiye na sumu, yule mbaya hukosa nafasi. Ni kama kusajili jina la tovuti: aliyewahi ndiye mwenyewe.

Basi taasisi ya IITA na watafiti wa serikali (KARI, ambayo sasa ni KALRO) wakatafuta kuvu wasio na sumu katika udongo wa Kenya kwenyewe, wakachagua aina nne. Hakuna jeni iliyoguswa. Kuvu hao hupakwa kwenye punje za mtama zilizouawa zisiote, kisha mkulima huzimwaga shambani kwa mkono, kilo 10 kwa hekta, wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kutoa maua. Dawa hiyo, Aflasafe KE01, ilisajiliwa mwaka 2015, na kiwanda chake kikajengwa Katumani, Machakos.

Hesabu mwenyewe: kutoka 2004 hadi 2015 ni miaka 11. Mimi kama mtengeneza programu najua kuandika programu ni nusu tu ya kazi. Ikibaki kwenye seva, haimsaidii mtu. Mkulima wa Kibwezi au Mutomo mwenye ekari moja anahitaji kilo 4 tu, lakini anazihitaji kila msimu, kwa wakati wake, na kwa bei anayoiweza. Na bado lazima ayakaushe mahindi yake vizuri.

Kwa hiyo serikali zikijisifu kwa bayoteknolojia, za kaunti au ya taifa, mimi nitauliza swali moja tu: msimu huu, zile kilo 4 zimemfikia?

Tuonane wakati mwingine.